Malipo Yaliyopitia kwa Wifi Yangu

Wifi yangu hakunipenda tangu siku nilipoingia kwao, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani biashara ndiyo iliyotugombanisha. Biashara ilitukuta tumeshagombana. Ilitupa tu kitu cha kugombania.

Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu. Kwao ni Wabende wa Mpanda siku nyingi, watu wenye shamba Kabungu na nyumba ya matofali mjini, na kanisani wana benchi lao ambalo mgeni akilikalia anatazamwa mpaka ahame mwenyewe. Mimi nilizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi walioletwa huko wakiwa watoto wadogo wakitokea Burundi. Uraia tulipewa nikiwa tayari msichana wa kujitambua. Kwa serikali mimi ni Mtanzania. Kwa wifi yangu nilikuwa "yule wa kambini", hata siku ambazo nilikuwa jikoni kwa mama yao namenya ndizi za kuwalisha wageni wao.

Alikuwa na kibanda cha huduma za fedha karibu na stendi. Kutuma pesa, kutoa pesa, kulipia umeme, kulipia king'amuzi, lipa namba imebandikwa dirishani kwa herufi kubwa. Pembeni yake alikaa mama mmoja muuza dagaa wa Ikola, na harufu ya dagaa ilikuwa inaingia mpaka kwenye noti. Wifi alikuwa hodari, sitamnyima hilo. Alijua makato ya kila mtandao kwa kichwa, alijua nani ana salio na nani anajidai, na alikuwa na namna ya kuhesabu noti huku anakutazama usoni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea. Mwenye shule alipohamia Tabora shule ikafungwa, nikabaki nyumbani. Nilikaa muda mrefu bila kazi, nikisikia mume wangu anavyofunga mlango asubuhi kwenda gereji, na kila mlango uliofungwa ulikuwa kama unaniambia jambo.

Siku moja akanipigia simu dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye alihamishiwa Norwe na familia yake miaka mingi iliyopita. Alikuwa analia.

"Watoto wangu wanamkimbia mama," alisema. "Akipiga simu kutoka Mishamo wanasukumiana. Hawajui hata kumwamkia. Wewe ni mwalimu. Wafundishe Kirundi, hata cha salamu tu."

Nikaanza hivyo. Jumamosi alasiri, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, watoto watatu wa dada yangu wamebanana kwenye kioo. Niliwafundisha kama nilivyowafundisha wale wa chekechea, kwa kuimba na kwa kunyoosha kidole. Niliwaambia umuryango ni mlango, na umuryango pia ni ukoo, na sikio lenu ndilo litakalowaambia ni upi. Yule wa mwisho, mvulana, alikuwa mbishi. Akauliza, sasa nikigonga mlango nitajuaje kama nimegonga watu? Nilicheka mpaka simu ikaanguka.

Dada yangu akawaambia wenzake. Familia moja ikaleta watoto, ikaleta nyingine, kutoka nchi ambazo sikujua hata zilipo kwenye ramani. Wote shida yao moja: bibi au babu yuko Mishamo, au Katumba, au kule kule Burundi, na wajukuu ni mabubu mbele yake. Nikapanga vipindi. Nikanunua simu yenye kioo kikubwa na bando la mwezi. Na hapo ndipo swali lilipoanza kuja kwenye kila ujumbe: Mwalimu, tukulipe kwa njia gani?

Mwanzoni dada yangu alikuwa anachanganya ada yangu na pesa za matumizi za mama yake, anatuma zote kwa mjomba wetu Mishamo. Ukitaka kugombana na ukoo mzima, pokea mshahara wako kupitia ukoo. Ada ikifika Mishamo inageuka mbolea. Inageuka rambirambi. Mjomba alinipigia kunieleza kwa upole kwamba pesa yangu ilikuwa imeshiriki vizuri kwenye harusi ya mtu nisiyemjua. Nikamwambia aache kabisa kuipokea, akaniita mchoyo, na mpaka leo kuna watu Mishamo wanaonisalimia kwa nusu mdomo kwa sababu ya harusi ile.

Njia ya pili ilikuwa simu yangu mwenyewe. Mtu wa nje anaweza kutuma kwa programu za kutuma pesa, inaingia moja kwa moja kwenye laini. Wengine walikubali. Wengine walilalamika. Walisema kila mwezi waingize jina langu, wathibitishe, waulizwe pesa ni ya nini, wasubiri. Walitaka kiungo tu, wabonyeze, waweke kadi, wamalize. Mama mmoja wa Ubelgiji aliniandikia, "Mwalimu, mimi nanunua hata viatu vya watoto kwa kubonyeza. Kwa nini kukulipa wewe ni kazi?" Niliudhika, lakini alikuwa na haki.

Kwa hiyo nikatafuta kampuni ya kukusanya malipo mtandaoni. Ilikuwapo moja Dar es Salaam iliyopokea kadi za nje. Masharti yake yalikuwa marefu: namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, akaunti ya benki, kitambulisho, na kwa sisi tuliopewa uraia, cheti cha uraia. Nilivituma vyote. Wakajibu kwamba majina hayafanani. Kwenye cheti jina langu lina R. Kwenye kitambulisho, aliyeandika alisikia kwa sikio la huku, akaweka L.

Nikapiga simu. Akapokea kijana mwenye sauti ya redioni.

"Dada, mfumo umekataa."

"Mfumo ni nani?"

"Ni mfumo tu, dada. Unaona watu wawili."

"Na wewe unaona wangapi?"

"Mimi sioni, dada. Nasoma kwenye mfumo."

Nilimwambia kwamba hiyo herufi haikuandikwa na mimi. Akasema anaelewa kabisa, na kwamba nikirekebisha nitume tena, na je, nina swali lingine? Nilikuwa nayo mengi, lakini si ya kumuuliza mtu ambaye hajawahi kuulizwa jina lake mwenyewe limetoka wapi. Nikaenda kuomba marekebisho ya kitambulisho. Afisa akachukua karatasi zangu, akaniambia nisubiri. Nikamuuliza mpaka lini. Akanitazama kama nimemtukana.

Ni katika kusubiri huko wifi aliponasa habari. Ilikuwa Jumapili, tumekula kwa mama mkwe, mvua inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti. Mume wangu ndiye aliyeitoa. Alimweleza dada yake kila kitu, R na L, huku ananawa mikono, kana kwamba anasimulia habari ya pikipiki ya mteja.

Wifi alicheka. "Wifi, mbona unahangaika na hao watu wa Dar? Mimi leseni ninayo. Namba ya kodi ninayo. Akaunti ya biashara ninayo. Jina langu halina matatizo." Akaweka kijiko chini. "Wewe una maneno. Mimi nina makaratasi. Tuunganishe."

"Makaratasi yako ni ya kibanda cha kutoa pesa," nikasema.

"Biashara ni biashara. Naongeza huduma, basi."

"Na pesa ikiingia?"

"Inaingia kwangu, natoa fungu langu la usumbufu, nakupa yako. Au unadhani nitakuibia? Mimi? Nimeshika pesa za mji huu wote."

Mama mkwe akasema ni jambo jema ndugu wakisaidiana. Mume wangu akasema, "Ni dada yangu. Pesa haitatoka nyumbani." Nilitazama sahani yangu. Nilijua. Mtu haingii kwenye jambo kama lile bila kujua. Lakini nilikuwa nimeshapoteza wanafunzi kwa sababu ya ile kadi, na mume wangu alikuwa ananitazama kwa namna inayosema ukikataa hapa, umekataa watu wangu. Nikakubali.

Kampuni ilimkubali wifi kwa siku chache tu. Jina lake halikuwa na R ya kugombaniwa.

Kwanza mambo yalienda. Sisemi uongo, yalienda vizuri kuliko nilivyotegemea. Wazazi walibonyeza, wakalipa, wakafurahi. Wanafunzi waliokuwa wameondoka wakarudi. Wifi akalipia pia lile darasa la video linalochukua watu wengi kwa wakati mmoja, nalo akalisajili kwa barua pepe yake, akanipa namna ya kuingia. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nafundisha.

Kisha ujumbe wa ajabu ukaanza kuja. Mama wa Ubelgiji akaniuliza kwa nini kwenye risiti yake pameandikwa jina la duka la kutoa pesa, na huyo mwanamke anayemwandikia akijiita mkurugenzi ni nani. Nikamwuliza wifi. Akanijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye simu zake.

"Sasa unataka nijiite nani? Mwenye akaunti ni nani?"

"Wateja ni wangu."

"Wateja ni wa yule wanayemlipa."

Nilisimama pale kwenye dirisha la kibanda kama mtu aliyekuja kutoa pesa. Muuza dagaa alijifanya anapanga mafungu yake. Wifi akaongeza, "Na bei nimepandisha. Ulikuwa unajiuza rahisi kama mihogo ya kwenu."

Mihogo ya kwetu. Nimelima mihogo Mishamo mpaka viganja vikachubuka, na sijawahi kuona aibu. Lakini yeye alijua pa kushika. Nilimwambia asirudie. Akanipa pesa zangu za mwezi, pungufu, akasema nyingine mfumo haujaachia. Neno lile la mfumo lilikuwa limehamia Mpanda sasa.

Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Nyie wanawake mkikaa pamoja hamwelewani." Nikamwambia hatukai pamoja, amekaa yeye, mimi nimesimama dirishani. Mume wangu akavua viatu, akajilaza. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka na kuchoka kwake.

Masika yale mama mdogo, mama yake dada yangu, akaugua Mishamo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Mjomba alipiga simu kila jioni kwa sauti ya mtu anayeandaa watu kwa msiba. Dada yangu hakuweza kusafiri. Akaniomba nimwandae mvulana wake, yule mbishi, ili aongee na bibi yake kwa Kirundi kabla mambo hayajaharibika. Mvulana mwenyewe alitaka. Alikuwa amekua kidogo, ameacha utani. Tuliandika pamoja maneno machache: aulize, Urakomeye? yaani, u mzima? Aseme jina lake na amwambie anampenda. Aseme pia, kwa kutaka kwake mwenyewe, kwamba anajua kuendesha baiskeli kwenye theluji. Hilo la theluji lilitusumbua, maana bibi hajaiona, tukalizungusha kwa kusema mvua iliyoganda.

Jumamosi ile darasa lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimewaweka wenzake wamsikilize ili apate ujasiri. Alikuwa katikati ya sentensi ya baiskeli. Kioo kikawa cheusi, kikaandika kwamba mwenye darasa amelifunga.

Nilidhani ni mtandao. Nikazima, nikawasha. Nikajaribu kuingia, namba ya siri ikakataliwa. Nikajaribu tena, ikakataliwa. Simu yangu ikaanza kulia kwa ujumbe wa wazazi. Kila mmoja alikuwa amepokea maneno yale yale kutoka kwa mkurugenzi: huduma imesitishwa kwa sababu kuna wateja ambao malipo yao hayajapita.

Mteja mwenyewe alikuwa mmoja tu, dada yangu. Kadi yake ilikuwa imeisha muda, benki ilikuwa inamtumia mpya. Alikuwa ameshanieleza, na mimi nilikuwa nimeshamwambia wifi.

Nilipanda bodaboda na kanga niliyokuwa nayo nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika, barabara ya stendi yote tope. Wifi alikuwa ndani ya kibanda, mbele yake foleni ya watu.

"Fungua darasa," nikasema.

"Panga foleni."

"Wifi, fungua darasa. Mtoto alikuwa anaongea."

"Mtoto ambaye mama yake hajalipa." Alisema kwa sauti ya kuwasikilizisha watu. "Mimi siendeshi sadaka. Ukiona huruma, mlipie wewe."

"Kadi imeisha muda. Nilikwambia."

"Kila mdaiwa ana hadithi. Niko kwenye pesa siku nyingi kuliko wewe."

"Lakini hao wengine wamelipa! Umewafungia wote!"

"Ili waambiane. Ndivyo watu wanavyofundishwa kulipa."

Kuna mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Jamani, yazungumzeni nyumbani." Wifi akainuka. Sasa alinitazama, na naona alikuwa ameliweka hilo neno kinywani tangu siku ya harusi yangu.

"Nyumbani wapi? Huyu ana nyumbani? Tumemwokota, tumempa jina la kaka yetu, tumempa makaratasi yetu ale nayo. Mkimbizi hana shukrani."

Watu wa foleni wakatazama chini. Hata bodaboda aliyenileta, aliyekuwa anasubiri nauli yake, aliangalia pembeni.

Sikulia. Watu waliosimulia baadaye walisema nililia, si kweli. Nilimwambia, kwa sauti ya kawaida, "Mimi nimezaliwa Katavi kama wewe. Na hayo maneno unayouza ni ya mama yangu. Kuanzia leo tafuta ya mama yako." Kisha nikageuka. Muuza dagaa akanishika mkono nikipita, akaubana, akauachia. Hatukuwahi kulizungumzia.

Nyumbani nilimpigia dada yangu kwa simu ya kawaida, sauti tu. Nikamwambia amwite mvulana. Tulirudia maneno yake mara kadhaa, mtandao ukikatika tunaanza upya. Kesho yake walimpigia bibi. Mjomba alimshikia simu sikioni. Mvulana akasema yote, na la baiskeli pia. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, hiyo mvua ikiganda, mahindi yanafanyaje? Hilo hatukuwa tumeliandaa. Dada yangu alilia huku anacheka. Mama mdogo alipona, ameshatembelea kliniki mara nyingi tangu hapo, na sasa analalamika kwamba mjukuu anapiga simu mno yeye akiwa jikoni.

Kikao cha ukoo kiliitishwa. Sitakieleza sana. Mama mkwe alitaka nimwombe radhi wifi kwa kumkosea mkubwa mbele ya wateja wake. Niliuliza na yeye ataniomba nini kwa lile neno. Mama mkwe akasema hasira huongea vibaya. Nikasema hasira haijui kuongea, inafungua tu mdomo. Mume wangu alikaa kati yetu, akitazama mikono yake yenye grisi. Mwishowe alisema kitu kimoja: "Alikosea kusema vile." Hakusema nani, lakini kila mtu alielewa. Ilikuwa ndogo sana, na ilikuwa zaidi ya nilivyotarajia. Nilitoka bila kuomba radhi.

Ikabidi sasa niamue malipo peke yangu. Nilikaa na kalamu nikajiuliza, si njia ipi inampendeza mteja, bali ni njia ipi ambayo mtu mwingine hawezi kuisimamisha mimi nikiwa katikati ya kazi. Kadi ilikuwa nzuri, lakini kati yangu na kadi kulikuwa na kampuni, na kati yangu na kampuni kulikuwa na jina la mtu. Simu ilikuwa na usumbufu na makato yake, lakini laini ilikuwa kwa jina langu, lile la kitambulisho, lenye L yake yote. Nikachagua simu. Nikawaandikia wazazi kwamba malipo yanatumwa kabla ya mwezi kuanza, kwa laini hii tu, na kwamba mtu yeyote anayejiita mkurugenzi si wa kwangu. Atakayechelewa, nitaongea naye mimi, na mtoto hatatolewa darasani. Wengine walishukuru. Wengine waliona ni kurudi nyuma, wakaondoka. Mama wa Ubelgiji aliondoka. Aliniandikia ujumbe mrefu wa upole ambao ulikuwa na maana moja tu.

Wifi naye hakukaa bure. Aliweka bango kibandani, "Tunafundisha Lugha Mtandaoni", akamtafuta kijana wa Mishamo anayesoma chuo hapa mjini. Kijana alifundisha vipindi vichache, akachoka kusubiri mfumo uachie, akaacha.

Kisha kikaja kisichotegemewa na yeyote kati yetu. Wale wazazi waliokuwa wamelipa muhula mzima kwa kadi, halafu wakafungiwa darasa, walikwenda kwenye benki zao kudai pesa irudi. Wengine walidai ya muhula wote, hata ya vipindi walivyokwisha soma. Kampuni ya Dar ikaizuia akaunti ya wifi, pamoja na kila kilichokuwamo. Wakamwambia alete uthibitisho kwamba masomo yalitolewa. Na aliyeyatoa ni mimi.

Alikuja nyumbani kwangu mwenyewe. Hakuwa amewahi kuja tangu tuhame kwa mama yake. Alisimama mlangoni amevaa vizuri, pochi ameibana kwapani.

"Karibu," nikasema, kwa kuwa mlango ni mlango.

Hakukaa. "Wanataka barua yako. Useme ulifundisha."

"Nilifundisha."

"Basi andika. Vipindi vyote."

"Vile vilivyofungwa sikuvifundisha."

"Wifi, ukiandika hivyo hizo pesa wanazichukua."

"Ni za kwao. Walilipa, wakafungiwa."

Nilimwona anahesabu, kama anavyohesabu noti. "Unafurahi," akasema.

Nilimjibu ukweli. "Ndiyo. Kidogo."

Niliandika barua jioni hiyo hiyo. Nilikuwa na kumbukumbu za vipindi vyangu, kila mtoto, kila Jumamosi. Mwalimu wa chekechea hajui kuishi bila mahudhurio. Niliandika nilivyofundisha na nisivyofundisha, nikaweka sahihi. Ningeweza kukataa, naye akapoteza yote. Nililitamani hilo, nililala nalo. Lakini nikikana kazi yangu ili kumwangusha yeye, ningekuwa nimewaambia wale watoto kwamba sikuwahi kuwa mbele yao. Sikuweza. Si kwa wema wowote, ilikuwa ni kiburi.

Kampuni iliwarudishia wazazi sehemu, ikamwachia wifi iliyobaki. Fungu langu alilipeleka gereji kwa mume wangu, ndani ya bahasha ya kaki, bila salamu. Mume wangu aliileta nyumbani akaiweka mezani karibu na chupa ya chai.

"Utampigia umshukuru?" akaniuliza.

"Kwa kunipa changu?"

Akavuta kiti, akakaa. "Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu," nikasema, nikammiminia chai.

Kitambulisho changu kilirekebishwa hatimaye. Kampuni ya Dar imeniandikia mara mbili ikinikaribisha tena, kwa jina langu, imeliandika sawasawa. Sijajibu. Labda nitajibu mwaka ujao wanafunzi wakizidi, labda sitajibu. Kwa sasa wazazi wachache niliobaki nao wanatuma kwa laini, wananung'unika, na wanatuma. Pesa nikiitoa, naitoa kwa wakala wa upande wa soko, ingawa nalipa nauli kumpita wifi. Tukikutana kanisani tunapeana ncha za vidole. Mwezi uliopita kwenye ubatizo wa mtoto wa shemeji mdogo tuliwekwa pamoja kuosha vyombo. Tuliosha sufuria zote, yeye anasugua, mimi nasuuza, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka maji yalipoisha. Ndipo akasema, "Yaletwe maji," wala hakumwambia mtu. Nikachukua ndoo nikaenda kuteka.